Ripoti ya mgonjwa mmoja na mapitio ya maandiko: tuandike mwongozo wetu Lamu na Malindi?

#1 TabibuWaVisiwani

Salaam aleikum wakuu. Jambo hili limenikaa rohoni mwaka mzima, leo nalileta barazani.

Mimi ni tabibu huku visiwani Lamu. Pamoja na wenzangu wawili niliandika ripoti ya mgonjwa mmoja na mapitio ya maandiko, yaani makala za tiba zilizotangulia. Mgonjwa ni mvuvi, [imeondolewa na msimamizi], aliyekula bunju, samaki mwenye sumu, usiku na nduguze. Midomo ikafa ganzi, ulimi ukawa mzito, kisha mikono na miguu ikalegea. Akaletwa kwa mashua, anasikia kila linalosemwa lakini hata kope hawezi kuinua. Sumu ya bunju haina dawa ya kuiondoa. Kazi ni kumpumulia mtu mpaka iishe yenyewe. Wenzangu wa zamu ya usiku walimpulizia hewa kwa mfuko wa mkono, wakipokezana, mpaka adhana ya alfajiri ikapita. Mimi nilimpokea asubuhi. Alipona, na sasa hivi yuko baharini.

Jarida likaturudishia ripoti kwa mambo mawili. La kwanza, tuliandika kwamba hiki ni kisa cha kwanza Afrika Mashariki, na mhakiki akasema sicho. La pili, akasema mpangilio wa saa haufanani na sumu ya bunju. Saa zenyewe ni hizi: alikula 21:00, midomo ikafa ganzi 03:30, akafika hospitali 05:40.

Tulifuata CARE, ule mwongozo wa kimataifa wa kuandika ripoti za mgonjwa, wa 2013, wenye vipengele 13, kuanzia kichwa cha makala mpaka mtazamo wa mgonjwa na ridhaa yake. Ni mwongozo mzuri. Lakini penye maandiko unasema tu kwamba mjadala uyaguse yanayohusika. Utafute wapi, kwa maneno gani, uache nini, hausemi. PRISMA ya 2020 inayasema hayo yote kwa vipengele 27, ila hiyo ni ya mapitio makubwa ya kimfumo. Kwa mgonjwa mmoja ni sawa na kuvusha kikapu cha embe kwa jahazi.

Nauliza: tuandike mwongozo wetu mfupi kwa hospitali na zahanati za huku? Uwe na nini? Na kwa maoni yenu, nini hasa kinachofanya ripoti zetu zisifike?

#2 NesiMpeketoni

Pole ndugu, na hongera kwa kumwokoa mtu. Mwongozo naunga mkono. Lakini ukiniuliza kwa nini hazifiki, nitakwambia ni muda. Wodi ina wagonjwa thelathini, nesi ni mmoja na mwanafunzi. Nani ataketi kuandika? Mimi nina visa vinne kichwani tangu niajiriwe, hakuna hata kimoja kilichotua kwenye karatasi.

#3 KijanaWaLangoni

Mimi si mtu wa hospitali, nauza nyuzi na ndoana. Tabibu, nakuheshimu, lakini umetaja umri wa mtu, kijiji chake na jina la chombo. Sikumaliza hata mistari mitatu nimeshamjua, na mamake namjua. Ikiwa hapa barazani umeandika hivi, huko kwenye jarida mliandikaje?

#4 Msimamizi

Nimeziondoa taarifa hizo kwenye #1. Tafadhali msimtafute wala msimtaje.

#5 TabibuWaVisiwani

@KijanaWaLangoni ahsante, naomba radhi kwa mwenyewe na kwa mamake. Kwenye ripoti tuliandika "mwanamume wa umri huu kutoka kijiji hiki". Hatukuweka jina, tukaona yatosha. Sasa naona haitoshi.

#6 MaktabaMalindi

Hujambo Tabibu. Kazi yangu ni kuwatafutia watu makala, basi nianze na hilo la "kisa cha kwanza".

Mlitafuta kwa maneno gani? Nahisi mliandika jina la Kiingereza la samaki, mkaongeza "Kenya" na "Tanzania", mkapata patupu, mkafurahi. Sivyo?

Iko ripoti ya mwaka 1967 katika East African Medical Journal, ya mvuvi aliyekufa kwa sumu ya samaki huyu. Kichwa chake kinamtaja mvuvi wa Zanzibar. Hakitaji Kenya, hakitaji Tanzania, hakitaji Afrika Mashariki. Makala nyingi za miaka hiyo zimo ndani ya PubMed, ile hifadhidata ya makala za tiba, kwa kichwa tu, bila muhtasari. Kwa hiyo neno lisipokuwa kwenye kichwa, mashine haina pengine pa kuliona. Mkaweka uzio wa nchi, ripoti ya jirani yenu ikabaki nje ya uzio.

Kwa hivyo mwongozo ukiandikwa, mimi naomba haya yaingie. Kwanza, maneno yote ya kutafutia yaandikwe kabla ya kutafuta: jina la kienyeji, majina ya Kiingereza na tahajia zake zote, jina la kisayansi la jamii ya samaki, jina la sumu yenyewe. Kwa bunju hapo tayari una maneno sita au saba. Majina ya mahali yawe ya zamani na ya sasa, visiwa na miji, si nchi pekee. Pili, zaidi ya PubMed, tafuteni African Journals Online, ambayo ipo tangu 1998 na ina majarida mengi ya bara letu yasiyoonekana kwingine. Tatu, mkipata makala moja nzuri, shukeni mpaka kwenye orodha yake ya marejeo, msome aliowasoma yeye. Ripoti za zamani mara nyingi hupatikana kwa njia hiyo, si kwa mashine. Nne, andikeni tarehe ya kutafuta, idadi mliyoipata, idadi mliyoisoma, na sababu ya kuziacha zilizoachwa. Sentensi tatu zatosha.

Na lile neno "cha kwanza" lifutwe kabisa. Semeni: hatukupata kisa kingine katika hifadhidata hizi, kwa maneno haya, mpaka tarehe hii. Hiyo ni kweli hata kesho akitokea mtu na kitabu cha babu yake.

#7 TabibuWaVisiwani

@MaktabaMalindi umesema kama ulikuwa umekaa nyuma ya kiti changu. Maneno yalikuwa mawili, na uzio wa nchi tuliuweka. Ahsante sana dadangu.

#8 InternKutokaBara

Niulize kidogo. CARE si ilitoka 2010? Na mbona daktari wetu mkuu wa upasuaji hutuambia tufuate SCARE?

#9 DktMstaafu_Malindi

@InternKutokaBara mwanangu, CARE ni 2013 kama alivyosema Tabibu. Kilichotoka 2010, pengine ndicho unachokikumbuka, ni makala ya kina David Moher katika PLoS Medicine ya kuwaelekeza wanaotunga miongozo ya namna hii. Ina hatua 18. SCARE ni ya visa vya upasuaji, ilianza 2016 na imehuishwa mara kadhaa. Mgonjwa wako akipasuliwa, tumia SCARE. Akila bunju, CARE.

Nitarudi kwa hizo hatua 18, zina maana kwa uzi huu.

#10 KaraniWaRekodi

Hamjambo. Mimi nashughulika na mafaili na nina swali moja tu kwa Tabibu.

Umesema wenzako walimpulizia hewa mpaka adhana ya alfajiri ikapita. Jedwali lako linasema alifika 05:40. Huku kwetu saa hiyo watu wameshasali alfajiri na kurudi nyumbani. Sasa walimpulizia saa ngapi mtu ambaye hajafika?

#11 KaraniWaRekodi

Naendelea, maana nadhani nimeshajua. Kwenye faili imeandikwa "3.30" na "5.40", hakuna alama ya usiku wala ya mchana. Kweli si kweli?

#12 TabibuWaVisiwani

Nimeamka usiku huu huu nikaenda kutazama nakala yangu. Kweli. "3.30" na "5.40", mwandiko wa nesi wa zamu. Saa tatu unusu, na saa tano na dakika arobaini. Ya usiku! Ile 21:00 niliiandika mimi, kwa kumhoji ndugu wa mgonjwa na kugeuza saa kichwani. Hizo mbili nilizinakili kama zilivyo.

Kwa hiyo alikula saa tatu, midomo ikafa ganzi saa tatu unusu, akafika kabla ya usiku wa manane. Nusu saa. Sumu ya bunju kwa kawaida huanza kuonekana ndani ya dakika 10 hadi 45, ingawa yaweza kuchelewa saa kadhaa. Mimi niliipeleka kwa mhakiki ikiwa na saa sita unusu katikati. Alikuwa na haki ya kutilia shaka.

#13 NesiMpeketoni

Subhanallah. Saa sita ndizo zilizowaangusha.

#14 KaraniWaRekodi

Ndizo. Na si ninyi tu. Nesi aliyezaliwa huku huandika saa ya Kiswahili, daktari kutoka bara huandika ya kizungu, na wote wawili wako kwenye ukurasa mmoja wa faili moja. Mgonjwa wa siku tano haimdhuru. Wa nyoka, wa sumu, wa kiharusi, saa ndiyo ugonjwa wenyewe. Mwongozo uamuru saa 24 pekee, na aliyegeuza atie saini pembeni.

Miezi nayo vilevile. Bibi akikwambia uvimbe ulianza mfunguo nne, hiyo ni Muharram, na Muharram ya mwaka huu haianguki mahali pa ile ya mwaka juzi. Mvuvi atakuhesabia kwa bamvua, yaani maji makuu. Andika alivyosema yeye, kisha tarehe uliyoipata wewe, zote mbili. Usiweke yako ukaitupa yake.

#15 KijanaWaLangoni

Karani wewe ungefaa upelelezi. Malindi mna bahati naye.

#16 KaraniWaRekodi

Nani kakwambia niko Malindi? Mimi ni wa Amu, Lamu hii hii, tangu babu wa babu 😀

#17 MswahiliMalindi

Basi mtuazime. Huku faili likitumwa kutoka Lamu hufika limepitia mashua, Mokowe, barabara ndefu ya Garsen, na bado hutumiwi ukurasa wa pili.

#18 MwalimuWaTakwimu

Nitasema jambo lisilopendeza. Nguvu zote hizi za nini? Ripoti ya mgonjwa mmoja iko chini kabisa kwenye ngazi ya ushahidi. Mtu mmoja kapona, huwezi kujua kapona kwa sababu gani. Bora tukusanye rekodi za wagonjwa mia tukaandika kitu kimoja chenye uzito.

#19 DktMstaafu_Malindi

@MwalimuWaTakwimu ngazi ni ya kupimia kama dawa inafanya kazi. Hapo uko sahihi. Lakini jambo geni halianzi na wagonjwa mia. Ukimwi ulijulikana kwa ripoti ya mgonjwa mmoja wa Los Angeles, Juni 1981. Denis Burkitt alianza na watoto wenye uvimbe wa taya Uganda, akaandika 1958, leo saratani ile ina jina lake.

#20 MaktabaMalindi

Daktari, kwa heshima: wa Los Angeles walikuwa vijana watano, si mmoja. Ilichapishwa tarehe 5 Juni 1981. Huo ni mfululizo wa wagonjwa, na tofauti hiyo mwongozo wetu hauna budi kuieleza, maana nimeona watu wakiandika "ripoti ya mgonjwa" yenye wagonjwa saba.

#21 DktMstaafu_Malindi

Watano, kweli. Ahsante bibie.

#22 MzeeWaShela

Wanangu, mimi naukumbuka mwaka 2005 homa ilipoingia Amu. Mji mzima ulipinda. Msikitini watu waliswali wameketi, vijana kwa wazee. Ukataji wa mikoko ulisimama, punda walikaa bila kazi. Mwanzo tuliambiwa ni malaria, tukanywa vidonge, homa ikaenda viungo vikabaki. Mwishowe ikajulikana ni chikungunya, jina la Kiswahili hilo, la kukunjamana. Nauliza: aliyeona mgonjwa wa kwanza, wa pili, wa tatu, angeandika, si tungejua mapema?

#23 InternKutokaBara

Shikamoo mzee. Mlipuko wa Lamu ulikuwa 2004. Damu zilizopimwa Oktoba mwaka huo zilionyesha kama asilimia 75 ya watu walikuwa wameambukizwa. Baadaye ukaonekana Mombasa, na 2005 Ngazija na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Jina ni la Kimakonde, ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika miaka ya 1952 na 1953. Maana yake ni kupinda, hapo umepata.

#24 MzeeWaShela

Marahaba. Mwaka nimeuteleza, maumivu sikuyateleza. Magoti haya bado yanaikumbuka.

#25 MwalimuWaTakwimu

Mzee nakuelewa. Bado nasema: lililoigundua homa ile ni maabara na upimaji wa watu wengi, si makala ya mtu mmoja. Ila nakubali kwamba lazima kuwe na mtu wa kwanza wa kushtuka.

#26 MuuguziMkunga

Mnazungumza saa na maneno ya kutafutia. Mimi naona sababu ni woga. Ripoti nzuri inaeleza kila kilichofanyika, na katika kila kilichofanyika kuna kilichochelewa. Mashua haikuwa na mafuta. Oksijeni iliisha. Dawa iliandikwa saa mbili ikapewa saa nne. Nilipokuwa hospitali moja ambayo siitaji, tulimwandika mama aliyenusurika baada ya kuvuja damu. Mkubwa wetu akaisoma, akakata kwa kalamu nyekundu kila mstari uliokuwa na neno "kuchelewa". Kilichobaki kilikuwa hadithi ya mama aliyepona tu, bila sababu. Hatukuipeleka popote. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio hakimfiki mwenye kalamu nyekundu, humfika nesi.

Mwongozo usipomlinda mwandishi, utabaki ukutani.

#27 NesiMpeketoni

@MuuguziMkunga umegusa kidonda. Mimi niliposema muda kule juu, labda nilikuwa nasema woga kwa jina jingine.

#28 KliniKiFaza

Kuna na hili la majina. Nesi ndiye aliyekaa na mgonjwa, tabibu ndiye aliyeandika, lakini makala ikitoka jina la kwanza ni la mtu aliyekuwa Nairobi wiki ile. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti manne ya uandishi, na yote manne lazima yatimie: uwe na mchango wa maana katika kazi, uwe umeandika au umehakiki maandishi kwa kina, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi yote. Kuwa mkubwa wa idara hakumo. Sasa kijana akiona jina lake limesukumwa mpaka la tano, ataandika tena?

#29 MswahiliMalindi

Na pesa mnaisahau! Majarida mengi ya wazi, yanayosomwa bure, humtoza mwandishi ada, na msamaha kamili huwa kwa nchi maskini zaidi. Sisi Kenya tumewekwa kundi la kipato cha kati, basi hupewa punguzo, au husamehewi kabisa. Mshahara wa tabibu unaujua. Mimi nasema hiyo ndiyo sababu, hayo mengine ni mapambo.

#30 MaktabaMalindi

Ada ni ya kuchapisha. Kusoma ni jambo jingine. Hospitali za umma zaweza kujisajili Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani 2002, mkasoma majarida kwa maelfu. Nimekutana na watu walioandika mapitio kwa kusoma mihtasari pekee kwa kuwa makala nzima ilifungwa. Hiyo iandikwe kwenye mwongozo: usitaje makala ambayo hukuisoma yote.

Na usimame penye jedwali. Mapitio ya mgonjwa mmoja yawe na jedwali la visa vilivyotangulia: mwaka, mahali, umri, alikula sehemu gani ya samaki, dalili zilianza baada ya muda gani, alipumuliwa au la, aliishi au la. Bangladesh mwaka 2008 walikuwa na wagonjwa zaidi ya mia wa samaki huyu. Ukimweka mvuvi wetu mstari mmoja chini yao, na saa zake zikiwa sahihi, msomaji anaona mwenyewe. Hapo mapitio yanakuwa na kazi. La sivyo ni kurasa tatu za kueleza bunju ni samaki gani.

#31 NahodhaMdogo

Bunju ni samaki wa kuogopwa, hiyo yatosha 😀 Wazee wetu walituambia maini na mayai yake usiguse, hata paka umfukuze.

#32 InternKutokaBara

Hata James Cook, yule nahodha Mwingereza wa zamani, yalimpata. Septemba 1774, kule New Caledonia, yeye na wataalamu wake wawili walionja maini ya samaki wa jamii hiyo, wakaamka usiku mikono imekufa ganzi. Nguruwe aliyekula matumbo yake alikutwa amekufa asubuhi. Ameandika mwenyewe kwenye kumbukumbu za safari yake.

#33 KaraniWaRekodi

Nahodha yule aliandika saa?

#34 InternKutokaBara

Aliandika kwamba ilikuwa kati ya saa tisa na saa kumi za usiku. Kwa hesabu yako ya Kiswahili, ndugu, nimeigeuza kabla ya kuandika!

#35 KaraniWaRekodi

Umefuzu.

#36 MwalimuWaLugha_Amu

Nimesoma yote. Mmesema mtazamo wa mgonjwa ni mojawapo ya vile vipengele 13. Nataka nikae hapo kidogo, maana naona mnakipita mbio.

Niliitwa siku moja kumsaidia jirani hospitalini. Mama wa makamo, wa hapa hapa. Alimwambia daktari kijana, "Kitwa chaniwanga, na mato yafanya kiza." Daktari akaandika, kwa Kiingereza, kwamba mgonjwa anadai ana wanga, anarogwa. Nilikisoma kwa macho yangu. Kwa yule kijana kuwanga ni uchawi, ndiyo maana aliyokua nayo kwao. Kwa yule mama kuwanga ni kuuma, kichwa kinapiga kama ngoma. "Mato" aliuliza mara mbili ni nini. Laiti nisingekuwepo, mama angepelekwa kwa daktari wa akili, na presha yake ingebaki haijapimwa.

Sasa mtu akichukua faili lile baada ya miaka miwili aandike ripoti, atayaita hayo maneno ya mgonjwa. Siyo. Naomba mwongozo useme: maneno ya mgonjwa yaandikwe kwanza kwa lugha aliyoyasema, Kiamu kikiwa Kiamu, Kigiriama kikiwa Kigiriama. Tafsiri ije chini yake. Na atakayetafsiri atajwe.

#37 MuuguziMkunga

Mwalimu, umenitoa machozi. Huyo mama ni wengi.

#38 MwalimuWaTakwimu

Nakubali kabisa. Ila jarida la Kiingereza halitachapisha Kiamu.

#39 MwalimuWaLugha_Amu

Likikataa, libaki kwenye faili. Faili ni letu.

#40 DktMstaafu_Malindi

Sasa zile hatua 18. Kwa ufupi: kwanza hakikisha mwongozo unahitajika na haupo tayari. Soma yaliyoandikwa kuhusu makosa ya ripoti zenyewe. Kusanya watu mbalimbali, wapigie kura kila kipengele kwa raundi kadhaa bila kujua nani kasema nini, njia inayoitwa Delphi. Halafu kutaneni ana kwa ana. Kisha jaribuni rasimu kwa watu halisi kabla ya kuitangaza, na baada ya kuitangaza fuatilieni kama inatumika. CARE yenyewe ilipita njia hiyo.

Maoni yangu: tusitunge mwongozo mpya. Tuchukue CARE kama ilivyo, tuongeze ukurasa mmoja wa nyongeza. Ukiitwa mwongozo mpya, wahariri watauliza nani aliupitisha.

#41 KliniKiFaza

Mimi napinga, daktari. Nyongeza husomwa na nani? Kijana wa zahanati ya Kizingitini ataanza na karatasi iliyo mbele yake. Na hapo mezani pa kupiga kura nani atakuwepo? Kama ni madaktari peke yao, saa za karani na "kuwanga" kwa Mwalimu visingeonekana.

#42 DktMstaafu_Malindi

Hilo la meza nakubali. La jina bado nabisha.

#43 KijanaWaLangoni

Nami narudia langu la #3, maana mmelisahau. Mtu wa Nairobi ukimwandika "mwanamume wa miaka arobaini" yuko salama, wako laki ngapi. Huku ukiandika "mvuvi aliyekula bunju akabebwa na mashua usiku", hata ukimfuta umri na kijiji, Amu nzima inamjua. Picha mkiziba macho, mkono wenye kovu unamtaja. Mnaifanyaje hiyo?

#44 MuuguziMkunga

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Na ridhaa ya kuchapishwa si ile fomu aliyosaini ya matibabu, ni nyingine mbali. Huyu wa bunju alikuwa anasikia lakini hawezi kusema, hangeweza kuridhia usiku ule. Angojewe apone, arudi nyumbani, apumzike. Kisha asomewe ripoti yote, kwa lugha yake, aambiwe wazi kwamba jamaa watamjua. Akikataa, basi, na asibembelezwe.

#45 MswahiliMalindi

Na akifa? Nani ataridhia, mke au kaka mkubwa? Majarida hukubali jamaa wa karibu. Nyumbani kwetu "jamaa wa karibu" huwa baraza la watu kumi na wawili.

#46 KliniKiFaza

Swali hilo limenishinda tangu mwaka juzi. Nina kisa kimekaa kwa sababu hiyo hiyo.

#47 TabibuWaVisiwani

Wakuu, ahsanteni. Juzi, baada ya #44, nilipanda mashua nikaenda kwa mgonjwa. Nilikuwa na saini yake ya zamani, lakini nilijua hakuwahi kusomewa. Tuliketi ukumbini kwao, mamake akiwa mlangoni anasikiliza, nikamsomea ripoti yote kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na saa zikiwa zimerekebishwa. Nilimwambia kwamba watu watamjua.

Akanyamaza kidogo. Akasema wameshamjua, aandikwe. Kijiji tu kisitajwe, kwa ajili ya wadogo zake walio shuleni.

Kisha akaniuliza, "Hapo umesema nimekula maini?" Nikasema ndiyo, ndivyo ilivyo kwenye faili. Akasema hakula maini, maini waliyatupa, hata mtoto ayajua maini ya bunju. Walikula mayai. Nduguye mkubwa alisema mayai hayana neno yakichemshwa sana.

Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa.

#48 MaktabaMalindi

Basi ubadilishe na safu ya jedwali, "sehemu aliyokula". Na turudi tuzisome upya zile ripoti nyingine, tuone ngapi zimeandika maini kwa kudhani.

#49 KaraniWaRekodi

Tabibu, huyo mamake aliyekuwa mlangoni, alisema chochote?

#50 TabibuWaVisiwani

Alisema ni yeye aliyeyapika.